Nyumba ya Shangazi, Iyunga

Watu wa visiwani wamezoea kupokea wageni wa likizo kuliko kuwa wageni wenyewe. Wa bara huja, akaoga bahari, akanunua karafuu na halua, akarudi kwao. Mtu wa Unguja akisema anakwenda bara kutembea, aghalabu huulizwa amefiwa na nani.

Ndivyo ilivyoulizwa familia moja ya Kikwajuni, mwezi wa Juni 2008, baba, mama na watoto watatu walipovuka kwenda Dar es Salaam kupanda garimoshi la TAZARA. Hawakufiwa. Walikuwa wakienda Mbeya, mji uliopata hadhi ya jiji mwaka 2005. Lakini baba alikuwa na neno moyoni: kumrudisha nyumbani shangazi yake, mjane aliyehamia Iyunga tangu mumewe alipoajiriwa na reli.

Reli hiyo ya kilomita 1,860, hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kuanzia mwaka 1970, ikafunguliwa rasmi 1976. Kutoka Mlimba hupanda kwa mahandaki na madaraja mpaka Makambako, na hapo ndipo watoto walipoanza kugombea masweta. Kituo cha Mbeya kiko huko huko Iyunga. Shangazi aliwangoja amevaa koti zito na khanga juu yake.

Asubuhi aliwapeleka Mwanjelwa. Soko kubwa lilikuwa limeungua mwaka 2006, ila moto haukuizima biashara. Ilimwagika hadi kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma: viazi kwa magunia, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, mitumba, na makondakta wakiita abiria kwa sauti zilizokauka. Watoto, waliolelewa wakiamini kuwa Kiswahili ni mali ya pwani, walikisikia kikichekesha, kikibembeleza na kupunguza bei katika vinywa vya Wasafwa, Wanyakyusa na Wandali, wala hakikuonekana kuwa mgeni wa mtu.

“Ugonile,” muuza viazi alimwamkia shangazi, naye akaitikia upesi kama mzaliwa wa hapo.

“Bibi, amesema nini?” aliuliza binti mdogo.

“Ameniuliza kama nimelala.”

“Mbona sisi tunauliza umeamkaje?”

“Penye baridi, mjukuu wangu, habari kubwa ni ya usiku.”

Usiku wa tatu, wakiota jiko la mkaa, baba alilitoa lile neno lake.

“Shangazi, twende nyumbani.”

“Nyumbani kwa nani, mwanangu?” Hakusema kwa ukali. “Mume wangu amelala hapa. Siku ile nilipofiwa, walionipikia ni majirani hawa. Hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi.”

Baba aliinamisha kichwa. Alikuja kumchukua mtu aliyedhani amepotea, akamkuta amefika zamani. Sisi wa pwani huihesabu safari kwa marejeo: jahazi lisiporudi, tunalilia. Yamkini hatujajifunza kumshukuru Mungu kwa aliyetia nanga mbali na akapata wa kumzika.

Waliagana kituoni, na gunia la viazi, kwa ahadi ya Idi. Shangazi aliitimiza mwaka ule ule. Alikaa Kikwajuni siku kumi, akaisifu bahari, akawabariki watoto, kisha akaomba akatiwe tiketi arudi nyumbani.