Naishi na mvumo ambao jirani zangu hawausikii

ADHABU ya kaburi aijuaye ni maiti, walinena wahenga. Sidhani aliyetunga methali hii alikuwa akiwaza habari za kelele, lakini sijapata maneno bora ya kueleza hali ya mtu anayesikia sauti ambayo wenzake chini ya paa moja hawaisikii.

Kwa miaka miwili sasa, kila ifikapo saa tano za usiku, mimi husikia mvumo mzito, mfano wa lori lililoegeshwa mbali huku injini ikiachwa inanguruma. Haupandi wala haushuki. Nikijifunika mto kichwani ndio kwanza unazidi, kwani sauti nyingine zote huwa zimenyamaza. Huendelea hadi alfajiri, matatu za kwanza zinapoanza kupiga honi barabarani, ndipo unapomezwa na kelele za jiji la Nairobi.

Mume wangu hausikii. Watoto hawausikii. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye hulalamika hata tukiangusha kijiko, alinishauri nipunguze chai ya jioni. Mama mkwe alipendekeza maombi. Sikuyakataa, lakini baada ya kusema "amina" mvumo ulikuwa pale pale.

Kutoaminika ndiko kulikoniuma zaidi. Mtu asiyelala huwa mkali. Nilianza kuwafokea watoto kwa jambo dogo, na mara kadhaa nilisinzia ndani ya matatu hadi nikapitishwa kituo changu. Nyumbani hatukugombana tena kuhusu karo wala kodi ya nyumba. Tuligombana iwapo kuna sauti au hakuna.

Nikiwa mwandishi, niliamua kuchimba habari hii. Niligundua kwamba niko na wenzangu wengi duniani. Katika miaka ya 1970, wakazi wa jiji la Bristol, Uingereza, walilalamikia mvumo wa aina hii. Mwaka wa 1993, wanasayansi walitumwa katika mji mdogo wa Taos, jimbo la New Mexico, Marekani, baada ya kilio cha wakazi kufika katika Bunge la nchi hiyo. Walikadiria kwamba takriban watu wawili kati ya kila 100 waliusikia. Vyombo vyao havikuonyesha ulikotoka.

Huko Kokomo, katika jimbo la Indiana, mambo yalikuwa tofauti. Uchunguzi wa mwaka wa 2003 ulifichua sauti mbili za viwandani. Moja ilitoka kwa feni ya mnara wa kupozea, iliyotoa mitetemo 36 kila sekunde. Nyingine ilikuwa ya mtambo wa kushindilia hewa, mitetemo 10 kila sekunde. Zote mbili zilitulizwa. Hata hivyo, baadhi ya wakazi waliendelea kulalamika.

Nao watu wa Windsor, nchini Kanada, walianza kulia juu ya mvumo wao mwaka wa 2011. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2014 ulielekeza kidole katika kisiwa cha Zug, ng'ambo ya mto, upande wa Marekani, palipokuwa na matanuri ya chuma. Matanuri hayo yalipozimwa mwaka wa 2020, wakazi walisema mvumo umekoma. Lisemwalo lipo.

Kwa nini basi mmoja asikie na mwingine asisikie? Kwa kawaida, sikio la binadamu hupokea kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini masikio hayalingani, hasa kwa sauti za chini kabisa. Aidha, wimbi la sauti nzito ni refu. Lile la mitetemo 50 kwa sekunde hukaribia mita saba, na kuta haliliwezi sana. Likiingia chumbani hugonga kuta na kurudi, hata pembe moja ikavuma na katikati pakatulia. Wakati mwingine, pia, sauti hutoka ndani ya sikio lenyewe, na hayo ni maradhi yanayojulikana na madaktari.

Wala tusisahau ndovu wetu wa Amboseli. Watafiti wamebainisha kwamba ndovu huzungumza kwa miguno ya chini sana, mingine isiyosikika kwa binadamu, na wenzao huipokea kutoka umbali wa kilomita kadhaa. Mtalii aliye ndani ya gari husema mbuga ni kimya, kumbe mazungumzo yamenoga.

Hali nyumbani ilibadilika usiku mmoja mume wangu aliponikuta nimekaa jikoni saa nane. "Mama Kevin," akasema, "mimi sisikii kitu. Lakini naona hulali."

Tangu siku hiyo tuliacha ubishi. Alizima swichi kuu ya stima, friji na yote, mvumo ukabaki. Alinisindikiza kwa daktari wa masikio, ambaye hakuona kasoro. Kisha usiku mmoja tulizunguka ploti pamoja na mlinzi, tukishika kuta kwa viganja. Katika jumba jirani tulikuta pampu ya maji iliyofungwa moja kwa moja kwenye ukuta, na ukuta huo ulikuwa ukitetemeka. Mwenye jumba alikubali kuishusha na kuiwekea vipande vya mpira.

Nusu ya mvumo iliondoka. Nusu nyingine ingalipo hata ninapoandika haya. Tukienda mashambani kwa wazazi wangu siusikii, na huko hulala kama mtoto mchanga. Hapa jijini tumehamisha kitanda kutoka pembeni, na usiku huacha redio ikisema kwa sauti ndogo ili masikio yapate kitu kingine cha kushika. Siku hizi hupata usingizi wa saa tano au sita.

Msomaji, huenda kwako kuna mtu anayelalamikia jambo usilolisikia, usiloliona, wala kulihisi. Labda ni sauti, labda ni maumivu ya mgongo, labda ni huzuni. Usianze kwa kumwambia halipo. Mpeleke kwa daktari, zima swichi, zunguka naye nje usiku. Pengine mtapata pampu, pengine msipate chochote. Lakini atakuwa amepata mtu wa kutembea naye, na hiyo peke yake ni nusu ya usingizi.