Albamu Iliyofungwa Kabla ya Kusikika

Kwa miaka mitatu sasa naisubiri albamu moja ya vijana wa Mbulu na Hanang, mmoja wao akiwa mwanafunzi wangu wa zamani. Wameimba kwa Kiiraqw na Kidatoga. Nyimbo zimekamilika, kinachokosekana ni sahihi. Aliyelipia studio anadai kazi yote ni mali yake. Watunzi wanajibu kwamba alilipia kurekodi, si utunzi. Barua za mawakili zimechukua nafasi ya uzinduzi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatofautisha haki ya mtunzi, ya mwimbaji na ya mtayarishaji wa rekodi. Tatizo ni kwamba wengi huingia studio kwa kuaminiana, na mali kauli hugeuka kesi siku fedha inapoonekana. Kesi nazo hazina haraka: shauri la AY na Mwana FA dhidi ya kampuni ya simu, kuhusu miito ya simu, lilifunguliwa mwaka 2012, na hukumu ya Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikatoka mwaka 2016, kisha zikafuata rufaa. Hao walikuwa wasanii mashuhuri wenye mawakili. Kijana wa Haydom atasubiri kwa nauli ya nani?

Katika albamu hii zimo pia sauti za wazee, pamoja na slufay, ile sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka na waliohudhuria huitikia. Slufay haina mtunzi mmoja wa kudai mrabaha, lakini wanaoijua vema wanapungua. Nakala ya rekodi imo katika diski moja iliyofungiwa Katesh, mji ambao tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliufunika na kuua watu zaidi ya 80 katika mji huo na vijiji jirani. Tope halisubiri hukumu.

Napendekeza jambo dogo. Maofisa utamaduni wa wilaya wawe na mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, utiwe sahihi kabla ya kurekodi. Uwe na kifungu hiki: mgogoro ukizuka, kazi itolewe, mapato yawekwe katika akaunti ya pamoja hadi haki ijulikane. Wagombee fedha, wimbo usiwekwe rehani. Mmiliki anaweza kulipwa hata baada ya miaka kumi, lakini mzee aliyeimba hatakuwapo kujisikia redioni.