Kompyuta ya Gemu kwa Pesa ya Kudunduliza

Miaka ile, ukitaka kompyuta ya kuchezea gemu Dar es Salaam, ulikwenda Kariakoo na swali moja tu: ni i ngapi? Muuzaji akisema i3, ulipita. Akisema i5, ulisimama kuiangalia. Akisema i7, ulianza kuwaza ni nani wa kukukopesha. Soketi hakuna aliyeiuliza, wala wati za pawa saplai. Boksi lenyewe lilikuwa la ofisi, limeshatumika Ulaya miaka kadhaa, likafutwa vumbi na kupangwa juu ya wenzake hadi karibu na dari.

Sisemi haya kwa kuyadharau. Maboksi yale yalitulea. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye i5 ya kizazi cha tatu, ilikuwa mashine ya kazi kwelikweli. Nvidia ilipotoa kadi ya GTX 750 Ti mwanzoni mwa 2014, mambo yakanoga zaidi. Kadi ile ilikula wati 60, na tundu la kadi kwenye mazabodi linaweza kutoa hadi wati 75, kwa hiyo haikuhitaji waya wa umeme wa pembeni. Unafungua mfuniko, unachomeka, unafunga, unacheza. GTA V ilipoingia kwenye kompyuta Aprili 2015, vijana wa mtaani kwetu waliicheza kwenye hayohayo maboksi yaliyokuwa yakichapa barua za ofisi huko yalikotoka.

Shida ilikuja pale mtu alipotaka kusogea mbele. Boksi la ofisi limeundwa kwa ajili ya karani. Yale membamba hayapokei kadi ya kimo cha kawaida. OptiPlex 9020 iliyokuja baadaye ilikuwa na plagi ya umeme ya pini nane ya Dell mwenyewe, badala ya ile ya pini 24 iliyozoeleka, hivyo ukitaka pawa saplai kubwa zaidi lazima kwanza usake waya wa kubadilishia. Na prosesa ikizidiwa, hakuna ya kuipandisha: soketi ya 7010 iliishia kizazi hichohicho cha tatu. Kilichobaki ni kuuza boksi zima kwa bei ya kutupa na kuanza upya. Kaka yangu aliwaona rafiki zake wakifanya hivyo kila baada ya muda, na kila mara fedha iliyopotea ilikuwa kubwa kuliko nguvu iliyopatikana.

Kilichobadilisha mawazo yake ni habari mbili za mwaka 2017. Machi, AMD ilitoa prosesa za Ryzen juu ya soketi mpya ya AM4, ikaahidi kwamba soketi hiyo itadumu hadi 2020. Oktoba, Intel ilitoa kizazi cha nane kwenye soketi ileile ya 1151, lakini mazabodi za kizazi cha sita na cha saba hazikuruhusiwa kukitumia. Soketi ni moja, mazabodi lazima ununue mpya. Mwenye nazo huenda hakuona tofauti. Kwa mtu anayedunduliza, hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa ya mwaka.

Alinunua mwishoni mwa 2018, nami nikamsindikiza. Tangu mwaka uliotangulia wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wamezikomba kadi za grafiki sokoni, na kwetu bei ilikuwa bado haishikiki. Akaamua kadi isubiri. Alichagua Ryzen 3 2200G, iliyotoka Februari mwaka huo kwa dola 99, kwa sababu ina grafiki yake ndani. Fundi, mtu mzima aliyetuuzia vitu kwa miaka mingi, alimshangaa alipoagiza mazabodi ya B450.

"Mdogo wangu, kwa prosesa hii A320 inakutosha kabisa. Unajitafutia gharama za nini?"

"Inaitosha hii prosesa, kaka. Ila hii prosesa yenyewe haitakaa sana."

Fundi akacheka, akaishusha B450 kutoka juu. Ilikuwa na nafasi nne za ramu, wakati ile A320 ya dukani pale ilikuwa na mbili. Kaka akachukua vipande viwili vya GB 4, si kimoja cha GB 8, maana grafiki iliyo ndani ya prosesa huazima ramu ya kompyuta, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitisha data. Tofauti yake kwenye gemu inaonekana kwa macho. Nafasi mbili zikabaki wazi.

Waliposhindana hasa ni kwenye pawa saplai. Kulikuwa na moja ya bei ya chini yenye stika ya wati 500. Kaka aliishika kwa mkono wa kushoto, akaishika ya wati 550 ya kampuni yenye jina kwa mkono wa kulia, akanipa na mimi nizipime. Ile ya kwanza ilikuwa nyepesi mno. Kompyuta aliyokuwa anaiunda ilihitaji sehemu ndogo tu ya wati hizo, lakini alichukua ya 550, na ili hesabu ikae sawa akapunguza kwingine: keisi ya bati jepesi isiyo na taa hata moja, hadi diski akaing'oa kwenye kompyuta ya zamani. Waya wa pini nane wa kadi ya grafiki ukafungwa kwa kamba na kulazwa chini ya keisi, hauna kazi.

Mei 2020 tulipata hofu ya kweli. AMD ilitangaza kwamba prosesa zake zijazo hazitaingia kwenye B450. Wateja duniani wakalalamika, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ikabadili msimamo. Naamini kelele zile ziliokoa fedha za watu wengi wenye kipato kama chetu.

Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022, yenye kori sita, na ikaingia kwenye mazabodi ileile. Kazi iliyotaka uangalifu ilikuwa kusasisha BIOS huku prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi mazabodi inaweza kufa. Kaka aliazima UPS kwa jirani. Septemba mwaka huo mfumo wa Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki kuchimbia sarafu, kadi za mtumba zikamwagika sokoni, naye akapata RX 6600 ya GB 8. Ule waya wa pini nane ukafunguliwa kamba. Ni kweli kadi ile haipati kasi yote ya tundu lake kwenye B450, lakini kwa skrini ya kawaida kinachopotea ni kidogo.

Siku hizi Kariakoo vijana wadogo wanauliza soketi kabla ya bei, na nafurahi kuwasikia. Hata hivyo wapo wanaonunua mazabodi ya bei mbaya eti kwa ajili ya baadaye, kisha hawabaki na fedha ya prosesa. Hilo siliungi mkono. AM4 imefika ukingoni. AM5, iliyotoka Septemba 2022, inatumia ramu ya DDR5 peke yake, na AMD imesema itaiendeleza hadi 2027 na zaidi. Mwenye fedha ya kuifikia aichukue, hata kwa prosesa ndogo. Asiyeifikia, hasa baada ya bei ya ramu kupaa mwishoni mwa 2025, achukue AM4 yenye 5600 bila kinyongo, akijua kwamba kitakachobadilika baadaye ni kadi tu.

Na kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji jina kamili la mazabodi, fungua tovuti ya walioitengeneza, usome orodha ya prosesa inazozipokea. Asipotaka kukutajia jina hilo, nenda duka linalofuata.