Ukungu wa ndani ya kofia

Kila nikisema naishi Sumbawanga, mtu wa Dar es Salaam ananiuliza habari za radi na uchawi. Hajatokea hata mmoja akaniuliza habari za baridi! Basi leo, ndugu zangu wadau, radi tuiache ipumzike. Nataka tuongelee baridi, pikipiki, na kioo cha kofia ngumu.

Kwa wasioufahamu mkoa wetu: Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa kati ya maziwa mawili. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki kuna Ziwa Rukwa, na yote mawili yako chini huko, kwenye mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Sisi tuko juu. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi, na milima ya Mbizi inapanda zaidi ya hapo. Mwezi wa Juni na wa Julai alfajiri joto linashuka chini ya nyuzi 10, na hapo sijauhesabu upepo. Ukishakaa kwenye pikipiki na kukimbia kilomita 50 kwa saa, upepo unautengeneza wewe mwenyewe, na unaupokea wote kifuani.

Kazi yangu inanipeleka mara kwa mara Kate, kule Wilaya ya Nkasi, kwenye ile misheni ya zamani ya Wakatoliki. Watu wa Kate huamka mapema, kwa hiyo ukitaka kuongea na mkulima kabla hajaenda shamba, lazima uondoke mjini giza bado halijatoka. Na hapo ndipo kioo kinapokugeuka. Unafunga kofia, unashusha kioo, unapumua mara tatu nne, mbele kote kunakuwa maziwa. Taa ya lori linalokuja inageuka duara kubwa la mwanga lisilo na mwanzo wala mwisho. Mimi ninavaa na miwani ya macho, kwa hiyo nina vioo viwili vya kuhangaika navyo.

Watu wengi hudhani ule ni ukungu wa nje ulioingia ndani. La hasha. Ule ni pumzi yako mwenyewe. Hewa inayotoka mdomoni ina joto la nyuzi 34 hivi, tena imeshiba mvuke. Ikikutana na plastiki yenye baridi ya nyuzi 8, haiwezi kuubeba mvuke wote ule, inautua pale pale kwa matone madogo madogo ambayo kila moja linautawanya mwanga kivyake. Ni jambo lile lile la mfuniko wa sufuria.

Sasa dereva afanyeje? Kijiweni Kate niliwauliza vijana wa bodaboda, na majibu yalikuwa matatu. Wa kwanza anainua kioo chote na kuendesha macho wazi. Wa pili anafuta kwa glavu huku anaendesha. Wa tatu, na hawa ndio wengi, kofia anaining'iniza kwenye usukani, anaivaa akikaribia walipo askari.

Palikuwa na kijana mmoja jicho lake la kushoto limevimba. Aliniambia kwamba usiku wa juzi yake alipigiwa simu ampeleke mama mwenye uchungu wa kuzaa. Wakapanda mshikaki, yeye, mama na wifi yake mama, maana hakuna anayemwacha mjamzito peke yake usiku. Njiani kioo kikajaa. Akakiinua. Lori likapita upande wa pili, vumbi na mchanga vikamwingia jichoni, na kabla hajaona chochote gurudumu la mbele likawa kwenye mfereji.

"Kaka, sikuwa nakimbia," akaniambia. "Nilikuwa gia ya pili."

Mama alifika, mtoto akazaliwa salama. Wifi ndiye aliyevunjika mkono. Nilipokuwa namsikiliza nilikuwa nawaza jinsi ajali kama hizi zinavyoandikwa: mistari miwili, dereva wa pikipiki, chanzo ni mwendo kasi au uzembe. Sijawahi kusoma mahali popote kwamba chanzo kilikuwa ni kioo kilichoingia ukungu. Hivi nani atauliza? Dereva mwenyewe alikuwa anaona aibu kulisema.

Na kofia si ya kuiacha, jamani. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo yule anayeivua kwa sababu haoni, na yule anayeivaa huku haoni, wote wako hatarini.

Mtu aliyenipa somo ni mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, ambaye miaka ya 1980 alizunguka vijiji vya Ufipa kwa Honda ya serikali. Nilimkuta nje ya nyumba yake anaota jua. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza kilichonipeleka. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, ninyi mnapigana na kioo. Pigana na pumzi."

Akaingia ndani akatoka na miwani yake ya upepo ya enzi hizo, ile ya mpira wenye mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa. Alikuwa nayo miwili. Mmoja aliuvaa, wa pili ulikaa ndani ya soksi safi ya sufu, kati ya shati na koti, upande wa moyo. Wa machoni ukishindwa, anasimama pembeni, anautoa ule wenye joto na kuuvaa, ule uliolowa anaukung'uta na kuuweka kwenye soksi ukauke. "Kioo cha moto hakishiki pumzi," akasema. Ni kweli tupu. Kioo chenye joto hakiruhusu mvuke utue, na wakati kinapoa wewe umeshakata mbuga.

Nilimuuliza kwa nini kati ya shati na koti, kwa nini asiuweke ndani kabisa kwenye ngozi ambako kuna joto zaidi. Akaniambia ngozi inatoa jasho, hata kwenye baridi, na miwani iliyolala kwenye jasho ukiitoa tu kwenye upepo inajaa kuliko ile ya kwanza. Inataka joto lakini pakavu. Akanionya pia nisiipandishe miwani kwenye paji la uso ninaposimama kuongea na watu. Paji la uso likitoka kwenye kofia linafuka kama sufuria.

Nilipoanza kusoma zaidi nikakuta watu wa Kanada na Alaska wanafanya vile vile. Kule wana pikipiki za theluji, chombo kilichotapakaa baada ya Joseph-Armand Bombardier wa Quebec kuingiza sokoni Ski-Doo yake mwaka 1959. Kwao kioo hakiishii kwenye ukungu, unaganda barafu. Nao hubeba miwani ya akiba kifuani ili ikae na joto, na siku hizi kuna vioo vyenye nyaya za kupasha joto zinazochomekwa kwenye umeme wa chombo. Lakini walionifurahisha zaidi ni wazee wa Inuit, ambao miwani yao ya theluji ilichongwa kwa mti, mfupa au pembe, ikaachwa na ufa mwembamba tu wa kuchungulia. Ilizuia mwanga mkali wa theluji, na kwa kuwa haikuwa na kioo, hapakuwa na kitu cha kuingia ukungu.

Na msifikiri ni tatizo la watu wa chini peke yao. Juni 1966 mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A, akafanya kazi ngumu, akatoa jasho na kuhema hadi kioo cha kofia yake kikafunikwa kabisa. Hakuwa na uwezo wa kukifungua, maana nje ni anga tupu! Ikabidi kazi ikatishwe na arudi ndani akiwa karibu kipofu. Safari zilizofuata kioo kilipakwa dawa ya kuzuia ukungu kabla ya kutoka.

Dawa ya aina hiyo sisi tunayo dukani. Ni sabuni. Mwaka 2011 madaktari waliandika kwenye jarida la wapasuaji wa Uingereza kwamba wakiosha miwani yao kwa maji ya sabuni kabla ya kuvaa barakoa, haiingii ukungu. Sabuni inayavunja yale matone, maji yanalala bapa kama karatasi, na mwanga unapita. Mimi natumia kipande cha sabuni ya mche. Nakigusisha kidogo sana upande wa ndani wa kioo kikavu, nasugua kwa kitambaa laini cha pamba mpaka kioo kinaonekana kama hakijapakwa kitu. Ukiacha nyingi, siku ya mvua itakuingia machoni na utanilaumu. Usitumie sabuni ya unga wala dawa ya meno, zinakwaruza. Na wale wanaofuta kwa mafuta ya taa au petroli wajue kwamba plastiki ile inaweza kupasuka nyufa ndogo ndogo.

La pumzi lenyewe ni rahisi kuliko yote. Kioo kiache wazi upana wa kidole upande wa chini, hewa iingie na kutoka. (Mababu wa Kifipa waliyajua haya ya hewa muda mrefu: malungu, zile tanuru ndefu za kuyeyushia chuma, zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kupuliza mivuo.) Halafu funga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka juu ya pua, ukibane vizuri pale juu ya pua, ili pumzi ishuke chini kuelekea kifuani. Waliovaa miwani wakati wa barakoa mwaka 2020 na 2021 wanalijua hili vizuri. Ukisimama, inua kioo chote. Ukianza kuondoka, kishushe. Pumzi nyingi hutua wakati pikipiki imesimama na upepo hakuna.

Kuna siku mambo yanageuka. Anayeshuka kutoka huku juu kwenda Wampembe au Kirando, ziwani, anafika na kioo cha baridi kwenye hewa ya joto yenye unyevu, na ukungu unashika upande wa NJE. Hapo kufuta kunasaidia, wala sabuni ya ndani haina kazi. Kamera yangu nayo ina tabia hiyo hiyo. Nikitoka nayo barabarani nikaingia jikoni Kate, kwenye moto na chungu cha maharage, lenzi inakuwa nyeupe. Siku hizi naiacha ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda, napiga soga, nakula, ndipo naitoa.

Yule kijana wa jicho nilimwachia miwani ya fundi wa kuchomelea, ile ya plastiki isiyo na rangi, bei ya soda chache tu, na kipande cha sabuni. Aliivaa papo hapo, akaniuliza kama abiria naye hahitaji ya kwake. Sikuwa na ya pili. Alhamisi naelekea tena Kate, nimenunua tatu.