UMEINGIA LAUNJI, BI MKUBWA UMEMWACHA WAPI?

Leo tunapaa! Ila kabla ya kupaa tuanzie Kasanda, kule milimani Kigoma, wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo. Msicheke. Hata huko wapo wazee wenye mtoto majuu, na mtoto akishajipata, cha kwanza ni kuwaita wakamwone mjukuu.

Safari yenyewe si mchezo. Hujaiona ndege unakula basi kwanza: Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma, hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar. Miguu imevimba, kiuno kimekufa ganzi. Halafu wenye ndege wanataka ufike uwanjani saa tatu kabla. Ukitua nchi ya kuunganisha, unasubiri tena. Hapo ndipo utamu wa launji unapoonekana.

Launji, kwa ambao hawajaionja, ni ukumbi wa kupumzikia uliojitenga na vurugu za abiria. Kuna viti vya kuzama, chai, msosi, choo kisafi, na kwingine hadi bafu. Wengi wanaichanganya na ukumbi wa viongozi, ule wa misafara na ving'ora. Hapana, hii ni biashara kama gesti. American Airlines ndilo linalotajwa kuwa shirika la kwanza kufungua launji, New York, mwaka 1939, na enzi hizo ulikuwa huingii bila kualikwa. Siku hizi njia ni nyingi. Tiketi ya daraja la juu inakuingiza. Kadi ya msafiri wa mara kwa mara inakuingiza. Ipo Priority Pass, iliyoanza 1992, ambayo mwanachama anaingia hata kama tiketi yake ni ya walalahoi. Na launji nyingi unalipa mlangoni, dola makumi kadhaa kwa kichwa, unakaa saa tatu hivi.

Raha tupu, sivyo? Ngoja sasa nikupe kasheshe lake.

Mlango wa launji unahesabu vichwa, hauhesabu ukoo. Chukua kadi ya dhahabu ya Star Alliance, kundi ambalo Ethiopian waliingia mwaka 2011. Inamruhusu mwenye kadi na mgeni mmoja, basi. Nyie mpo watano: wewe, mzee, bi mkubwa, mkeo na mtoto. Nani anaingia, nani anabaki?

Mabrazameni wengine jibu wanalo. "Mama, nakuja sasa hivi," kisha huyooo, kapotea na juisi yake. Bi mkubwa kabaki nje kakumbatia kikapu. Tangazo likilia kwa Kiingereza anashtuka, anadhani ndege imemwacha. Njaa inamuuma na pesa ya kule haijui. Wewe ndani unapiga picha umenyanyua glasi! Ndugu yangu, kwetu watu wanakula sinia moja. Hiyo siyo starehe, ni uchoyo wenye kiyoyozi.

Waangalieni wale waliopita njia hiyo bila kadi yoyote. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilianza 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita. Kwa miaka mingi familia zao ziliondoka hapo kwenda Marekani, zikisafirishwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Kila familia na mfuko wake mweupe wa plastiki wenye herufi hizo na nyaraka zote ndani. Nauli yenyewe ilikuwa mkopo wa kwenda kuulipa huko. Launji waitolee wapi? Ila ukiuona mfuko ule, pembeni yake utaikuta familia nzima, bibi hadi kichanga.

Sasa ushauri wangu wa bure. Kabla ya safari piga hesabu ya vichwa vyote. Kama mfuko unaruhusu, lipia wote, na uliza bei ya mtoto maana launji nyingi haziwatozi wachanga. Kama mfuko hauruhusu, walipie wazee wawili mlangoni. Wafikishe mlangoni, kisha ukakae na wenzio nje. Unapokata tiketi uliza kuhusu kusubiri: Ethiopian, kwa mfano, huwapa hoteli abiria wa kuunganisha wenye saa nyingi za kungoja, kwa masharti yao. Pale Doha vipo vyumba vya utulivu vyenye viti vya kujilaza, bure kabisa.

Na mawese ya bi mkubwa yaende kwenye begi la chini! Viwanja vingi haviruhusu kimiminika cha zaidi ya mililita 100 mkononi. Karanga ruksa, mtazitafuna wote mkiwa mmekaa pamoja.

Wiki ijayo tena, panapo majaaliwa.