Wa ngapi?

Siku ya proklamasio sisi wa darasa la mwisho ndio tunabandika orodha ukutani. Wote wanatazama kwanza juu: nani wa kwanza? Halafu kidole kinashuka mpaka jina lao. Asilimia iko pale pembeni, watu hawaijali. Kumbe diploma ya Serikali haiulizi nafasi, inaanzia asilimia 50.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuwa wa 31, na 56. Baba yake akasema shamba linamungoja. Katika darasa lingine, wa pili alipata 54, akanunuliwa viatu! Tulitaka kumwendea yule baba, tumweleze. Haya ikatushika, sababu sisi pia tulikuwa tumecheka. Mwezi wa tisa kiti chake kilikuwa wazi.