Kabla Hujanunua Motokaa Kuukuu

Majirani zangu hapa Pasua wananicheka. Wasema, "Mwenzetu alikuwa na shilingi 11,000,000 mkononi, akaenda kununua kipanya!" Watoto wangu nao, siku zile za kwanza, walikuwa wakisimama mlangoni pa gari na kuita abiria: "Kibosho, Kibosho, bado wawili tu!" Nami nikacheka pamoja nao. Lakini najua wengi wenu mnaweka akiba kidogo kidogo, mkitamani siku moja kuwa na gari la nyumbani. Kwa hiyo nataka kuwaelezeni jinsi nilivyolipata langu, na jinsi nilivyokaribia kuzitupa fedha zote kwa ujinga wangu mwenyewe.

Sisi tunakaa Pasua, upande wa chini wa mji wa Moshi, kwenye joto na tambarare. Mama yangu yuko juu mlimani, Kibosho, katika kihamba cha marehemu baba, wala hataki kusikia habari za kushuka. Ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na kila mwezi hana budi kwenda kliniki. Wakati wa masika ya mwaka 2023, usiku mmoja, alizidiwa. Gari la kukodi tulilolipigia simu lilifika mwisho wa lami likasimama. Dereva akasema matope yale hayapandiki. Basi vijana wa jirani walimbeba mama juu ya kiti cha mbao mpaka barabarani, mvua ikimnyeshea, nami nimeshika taa mbele yao. Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini tangu usiku ule mke wangu hakunyamaza: "Baba, tutafute gari letu."

Fedha tulizipata hivi. Mkopo wa SACCOS ulikuwa 5,000,000. Cherehani ya mke wangu ilitoa 4,000,000, akiba ya miaka mitatu. Tukauza mtamba kwa 2,000,000. Nawatajieni hesabu hii mjue kwamba katika fedha hizo jasho lake lilizidi langu. Hilo lina maana katika yatakayofuata.

Sasa, kwa nini diseli? Huku kwetu watu husema diseli haili mafuta, tena ina nguvu mlimani. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Mashine hiyo yachukua jina la Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeionyesha ikifanya kazi sawasawa mwaka 1897. Haina plagi za kutoa cheche kama mashine ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha nozeli hurusha mafuta humo, nayo huwaka yenyewe. Basi uhai wake wote umo katika kule kubana. Silinda zikilika, hewa huvuja. Hewa ikivuja, joto halitoshi. Joto lisipotosha, gari haliwaki asubuhi kwenye baridi. Shikeni neno hilo la asubuhi, maana lilikuja kuniokoa.

Tena pigeni hesabu, msiende kwa maneno ya vijiweni. Mimi huenda kama kilomita 600 kwa mwezi. Gari la petroli la kutosha jamaa yangu, kwa milima yetu, nalikisia kilomita 8 kwa lita moja, na la diseli kilomita 11. Basi la kwanza lataka lita 75, la pili lita 55 hivi. Nimeokoa lita 20. Bei zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hazitofautiani sana kati ya petroli na diseli, na kuna miezi diseli imeipita petroli. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Nimeokoa 60,000 kwa mwezi. Ni kitu. Lakini nilipouliza bei ya kutengeneza pampu ya diseli pamoja na nozeli zake nne, fundi aliniambia 1,200,000. Yaani pampu moja mbovu yaweza kumeza akiba ya miezi ishirini! Diseli ni rahisi ikiwa nzima. Ikiwa mbovu, heri petroli, heri hata miguu.

Hayo yote sikuyajua siku nilipoliona gari la kwanza. Aina yake sitaitaja, wala mwenyewe simtaji. Lilikuwa refu, jeusi, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye tabo. Bei 10,500,000. Matairi yamepakwa dawa yakang'aa, na ndani mnanukia marashi kama chumba cha bibi arusi. Nilifika saa nne asubuhi, likawaka mara moja. Tukaenda mpaka kiplefti ya YMCA na kurudi, kioo kimeteremshwa, mkono wangu nje. Nikajiona tajiri. Hapo hapo nikatoa amana ya shilingi 500,000, bila hata kipande cha karatasi, na mke wangu sikumwambia.

Siku ya tatu alitaka tuhesabu fedha. Zikapungua. Ikanibidi niseme. Hakupiga kelele, na ingalikuwa heri kama angalipiga. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya kahawa, naye amekua akisikia habari za mashine mezani. Akaniuliza neno moja tu: "Ulipofika, boneti lilikuwa la moto au la baridi?"

Sikujua. Sikuligusa.

Kesho yake tulikwenda sote wawili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila kumwarifu mwenye gari, tukamchukua na fundi mmoja wa hapa Pasua. Mke wangu akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akasema, "Haya, liwashwe." Ufunguo ukazungushwa mara moja, mara mbili, mara sita. Mara ya saba liliwaka, ndipo tulipoona mambo. Mji wetu waitwa Moshi, lakini moshi kama ule sijauona tena: mweupe, mzito, umefunika ua wote mpaka kuku wakakimbia. Fundi akafungua kifuniko cha kutilia oili, pumzi ikatoka humo kwa nguvu kama birika lichemkalo. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, tukaona oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Akanivuta kando akasema, "Silinda hedi ya gari hili imepasuka. Siku ile ulipokuja walikuwa wamelipasha kwanza."

Alinieleza hivi. Tabo husukuma hewa nyingi ndani ya mashine, nayo huongeza nguvu pamoja na joto. Si jambo baya. Lakini gari la namna hiyo likipandishwa mlima na mzigo, hali rejeta imeziba au maji yamepungua, joto hupita kiasi. Dereva akipuuza mshale, hedi hupinda au kupasuka. Kumwuliza muuzaji haitoshi, maana hakuna atakayesema, "Nalichemsha mwezi jana."

Amana haikurudi. Robo ya mtamba wetu ilikwenda hivyo, na kwa juma zima nyumbani tulizungumza habari za chumvi na kuni tu.

Baada ya hapo nilimfuata yule fundi nikajifunza. Gari msilione likiwa la moto. Nendeni alfajiri. Likiwa baridi, fungueni kifuniko cha rejeta, kisha liwashwe: mapovu yakizidi kupanda bila kukoma, ondokeni. (Likiwa la moto msithubutu kukifungua, maji yatawaunguza uso.) Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwaka si neno, lakini ukiendelea baada ya gari kupata joto, ama maji yanaingia au kubana kumepungua. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani mashine imelika. Moshi mweusi mlimani waweza kuwa kichujio cha hewa kilichoziba, nao ni ugonjwa mdogo, au nozeli na pampu, nao ni mkubwa. Oili nyeusi isiwatishe. Oili ya diseli hugeuka nyeusi upesi hata katika mashine nzima.

Kisha lipakieni watu, mlipandishe mlima. Gari lolote ni zuri likienda peke yake kwenye tambarare ya Pasua.

Lile tulilolinunua tulilipata kwa njia hiyo. Ni Hiace ya zamani, mashine yake ni 3L, ya ujazo wa sentimeta 2,779, haina tabo. Pampu yake yaendeshwa kwa vyuma tu, haitegemei kompyuta. Ilikuwa imefanya kazi ya daladala, nayo haikuficha: viti vimechanika, rangi imefifia, na mlango wa kusukuma unataka kubembelezwa. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, mashine baridi, iliwaka mara ya pili. Tuliipandisha Kibosho tukiwa watu wanane na mikungu mitano ya ndizi tuliyoiazima kwa jirani, mke wangu amekaa mbele macho yake kwenye mshale wa joto. Mshale ulifika katikati ukatulia. Kila fundi wa Moshi aijua mashine hiyo, na spea zake zinauzwa madukani tele, mpya na za mtumba. Kwa mtu wa fedha kidogo jambo hilo ni kubwa kuliko rangi.

Bei ilikuwa 8,200,000. Habari za hati nitazisema upesi. Linganisheni namba ya chesisi iliyochongwa garini na ile ya kwenye kadi. Ulizeni polisi wa usalama barabarani kama gari lina deni la faini. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, na kadi ihamishwe kwa jina lenu TRA mara moja. Wala msidanganywe na herufi za kibao. Hizo huonyesha lini gari liliandikishwa nchini, si lini liliundwa.

Zikabaki 2,300,000, na hapo ndipo watu wengi hukosea, maana hununua gari kwa fedha zote. Sisi tulibadili mkanda wa taiming siku ile ile, kwa sababu hakuna aliyejua ulifungwa lini. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Tukanunua matairi manne, tukabadili oili na vichujio vyote, tukalipia kuhamisha kadi. Tena mke wangu alikataa watoto wasipande mpaka kila kiti kimefungwa mkanda wa usalama, maana Hiace hii haikuwa na hata mmoja nyuma. Hayo yote yalikula 1,500,000. Zile 800,000 zilizosalia tuliziweka kando kwa ajili ya maradhi ya gari, na nusu yake imekwisha kutumika kwa klachi.

Mafuta twanunua kituoni tu, si ya madebe ya njiani. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji, lakini ya madumu hakuna ajuaye yalipopita, na mafuta ya taa hayalainishi pampu kama diseli. Bei ya pampu nimekwisha kuwatajieni.

Sitaki mdhani nimepata malaika. Kipanya chetu kina kelele, na mlimani malori ya mchanga hutupigia honi tuwapishe. Masika ya mwaka 2024, ambayo mlikumbuka jinsi yalivyokuwa makali, hakikuweza kufika mlangoni kwa mama. Hufika mpaka kwenye mgomba mkubwa wa jirani, kama hatua mia mbili, na hizo twamshika mkono taratibu. Lakini kliniki hajakosa hata mwezi mmoja.

Mke wangu aliniruhusu kuendesha siku ya kwanza. Yeye na watoto walikaa nyuma. Tulimwandalia mama kiti cha katikati, chenye mto, akakikataa. Akataka mbele. Katika Hiace hizi mashine iko chini ya viti vya mbele, na kiti hupata joto hata kumchosha dereva wakati wa jua. Nikamwonya. Akapanda, akajifunga mkanda, akatandaza khanga yake magotini. Tulipokuwa tunashuka, ukungu ungali umefunika migomba, akageuka akaniambia, "Mwanangu, lile gari jeusi ulilolitaka, lilikuwa na moto huu chini ya kiti?"

Nikamwambia halikuwa nao.

"Basi," akasema, akafumba macho, akalala mpaka KCMC.